Programu Ndogo, Faida Kubwa: Funzo Kutoka Zizi la Ng'ombe Matasia

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike kuhusu tarakilishi, nami nikamwuliza, "Jarida la Kiswahili na tarakilishi wapi na wapi?" Akanijibu kwamba nikimaliza kuandika nitajua. Sasa nimejua, na ninyi mtajua mkifika mwisho.

Katika makala haya nataka kueleza jambo ambalo wengi huliona kama mchezo wa kupoteza wakati. Nalo ni kuandika programu zako mwenyewe, nje ya masomo, bila kutumwa na mwalimu na bila kulipwa na mtu. Nitaeleza kwanza programu ni nini, kisha nitasimulia yaliyotokea nyumbani kwetu hapa Matasia, halafu nitataja watu wengine waliopata faida ambayo hawakuitarajia. Mwishoni nitatoa mawaidha machache na zoezi.

PROGRAMU NI NINI?

Kuna wanaodhani kwamba kuandika programu ni uchawi wa watu wa miwani minene. La hasha! Programu ni orodha ya maagizo, basi. Hebu fikiria mama anapomtuma mdogo wako dukani: "Nenda ununue mkate. Kama hakuna mkate, lete maandazi sita. Ukipewa chenji, ihesabu kabla ya kutoka." Hapo mtoto amepewa programu. Kuna la kufanya, kuna sharti la "kama", na kuna la kukagua.

Tofauti ni kwamba mtoto ana akili. Akikosa mkate na maandazi atarudi aulize. Tarakilishi haiulizi. Ukisahau kuiambia jambo, hailifanyi, na ukiiambia uongo inautekeleza kwa bidii bila kusita. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

PROGRAMU YA NGELI

Mwaka wa kwanza nilipojiunga na chama hiki, nilikuwa mbovu wa ngeli kuliko mtu yeyote darasani. Niliwahi kuandika "ukuta lile" na karatasi ikasomwa mbele ya darasa. Walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni niliumia.

Kaka yangu alikuwa ameniachia kipakatalishi chake kikuukuu. Herufi mbili hazibonyezeki vizuri na betri imekufa kabisa, stima ikipotea nacho kinapotea. Nilikuwa nimeanza kujifundisha lugha ya programu iitwayo Python, na nikaamua kutengeneza kitu cha kunisaidia. Programu yangu ilionyesha neno, tuseme "ukuta", nami niliandika ngeli yake. Nikipata, neno lilirudi baada ya siku saba. Nikibahatisha, lilirudi baada ya siku tatu. Nikikosa, kesho yake liko pale pale linaningoja kama deni.

Kwa hiyo programu ilipaswa kujua mambo matatu tu: jina la kitu, tarehe kilipoonekana, na siku ngapi zipite kabla hakijarudi. Sikujua wakati huo kwamba mambo hayo matatu yangekuja kuwa na kazi nyingine kabisa.

MAMA NA SWALI LAKE

Nyumbani kwetu tunafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Mnaotoka huku mnajua hali ilivyo. Matasia iko kati ya Ngong na Kiserian, chini ya vile vilima, na ikifika Julai baridi yake si ya mchezo. Maziwa ya asubuhi tunawauzia majirani na hoteli mbili za barabarani, na karo yangu hutoka humo. Ng'ombe akikosa kuzaa, hakuna maziwa, na bila maziwa mimi niko nyumbani.

Kumbukumbu zote za ng'ombe mama alikuwa akiziandika kwenye kalenda ya ukutani, ile inayotolewa bure na duka la dawa za mifugo. Shida ya kalenda ni moja: mwaka ukiisha inatolewa, na ya mwaka mpya inakuja ikiwa tupu. Ng'ombe aliyepandishwa Oktoba anazaa Julai ya mwaka unaofuata, lakini tarehe yake imekwisha kwenda kuwashia jiko.

Hivyo ndivyo tulivyompoteza ndama wa Zawadi, ng'ombe wetu mkubwa. Tulijua ana mimba, tulijua siku zimekaribia, lakini zimekaribia kiasi gani hakuna aliyekuwa na hakika. Alizaa usiku wa Julai, peke yake, kwenye tope. Asubuhi tulimkuta akimramba ndama ambaye baridi ilikuwa imekwisha kummaliza. Alikuwa jike. Mama hakusema neno siku hiyo nzima.

Miezi kadhaa baadaye, jioni moja, nilikuwa mezani nikijaribu programu yangu. Mama alikuwa akichambua mboga. Akasimama nyuma yangu akatazama.

"Hiki ni nini mwanangu?"

"Ni mazoezi ya ngeli, mama. Neno nikikosa, linarudi siku iliyopangwa."

"Nani analikumbusha lirudi?"

"Programu yenyewe. Inahesabu siku."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kama inaweza kukumbuka siku ya neno kurudi, itashindwaje kukumbuka siku ya Zawadi?"

Wenzangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa na programu ile miezi mitano nikidhani ni ya ngeli. Kumbe ilikuwa ya kuhesabu siku, na anayehitaji kuhesabiwa siku alikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni akicheua.

HESABU YA NG'OMBE

Sasa tuingie kwenye funzo lenyewe. Mfugaji wa maziwa huangalia tarehe kadhaa tangu siku ng'ombe alipopandishwa:

1. Baada ya siku 21 hivi, aangaliwe kama joto limerudi. Likirudi, mimba haikushika.
2. Miezi miwili hivi, yaani siku 60, kabla ya kuzaa, aachishwe kukamwa ili apumzike na kiwele kijitengeneze.
3. Baada ya siku 283 hivi, atazaa. Anaweza kutangulia au kuchelewa kwa siku kadhaa, kwa hivyo aanze kulindwa angalau wiki moja mapema.

Zawadi alikuwa amepandishwa tena tarehe 3 Machi. Nilibadilisha programu jioni moja tu. Palipoandikwa "neno" niliandika "ng'ombe", na palipoandikwa siku 1, 3 na 7 niliweka 21, 223 na 283. (Hiyo 223 ni 283 ukitoa 60.) Nikabonyeza, na jibu likaja: atazaa tarehe 16 Desemba, alindwe kuanzia tarehe 9. Nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu nikaibandika kwenye mlango wa zizi. Nilijiona profesa.

Mama aliisoma, akaenda kwa jirani akaazima kalenda, akakaa chini akahesabu kwa ncha ya kisu, siku baada ya siku. Alichukua karibu nusu saa. Kisha akaniita.

"Mimi napata tarehe 11."

"Mama, hii ni tarakilishi. Haiwezi kukosea."

"Basi hesabu mwenyewe."

Nilihesabu. Ilikuwa tarehe 11 Desemba. Uso ulinishuka.

Kosa lilikuwa wapi? Nilipoandika programu ya ngeli, kwa uvivu, niliiambia kwamba kila mwezi una siku 30. Kwa neno linalorudi baada ya siku saba, kosa hilo linaleta tofauti ya siku moja, na neno likichelewa siku moja hakuna anayekufa. Lakini kutoka Machi hadi Desemba kuna miezi kadhaa yenye siku 31, na zile siku moja moja zilijumlishana zikawa tano. Tarakilishi haikukosea kuhesabu. Ilihesabu sawasawa uongo niliouambia.

Nilirekebisha. Tena niligundua kwamba Python tayari ina sehemu yake ya kuhesabu tarehe, inayojua miezi yote na hata Februari ya mwaka mrefu. Nilikuwa nimejitengenezea gurudumu la mraba ilhali la duara liko stoo. Karatasi mpya ilisema: joto liangaliwe tarehe 24 Machi, akaushwe tarehe 12 Oktoba, alindwe kuanzia tarehe 4 Desemba, azae karibu na tarehe 11.

Zawadi hakungoja tarehe 11. Alizaa usiku wa tarehe 7 Desemba, mvua ikinyesha. Lakini tulikuwa tumekwisha anza zamu tangu tarehe 4. Mimi na mama tulikuwa pale na tochi, nyasi kavu na magunia. Ndama alitoka na ngozi nyembamba imemfunika pua. Mama akaifuta, tukamsugua kwa gunia mpaka akatikisa masikio, na kabla hakujapambazuka alikuwa amenyonya dang'a. Leo ni mtamba mzima, na jina lake ni Hesabu.

Sasa fikirieni. Kama tungefuata karatasi ya kwanza, tungeanza kulinda tarehe 9. Tungemkuta asubuhi kama yule wa Julai.

WENGINE WALIOTUTANGULIA

Msidhani mambo haya yametokea kwetu tu. Upande wa pili wa kaunti yetu ya Kajiado, huko Kitengela, kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa hapa anapaswa kukijua.

Richard Turere alikuwa mvulana wa Kimaasai aliyepewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa babake karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Upande wa kusini wa mbuga hiyo haukuwa na ua, na simba walikuwa wakiwafuata pundamilia hadi nje, kisha wanaingia mazizini. Asubuhi moja alimkuta fahali wao wa pekee ameuawa. Akajaribu moto, lakini moto uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakagundua kwamba haisogei. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, simba hawakuja. Ndipo akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea.

Turere alikuwa na mchezo wake wa kufungua vyombo vya umeme. Aliwahi kuifungua redio mpya ya mamake, na mnaweza kuwaza alivyofanywa siku hiyo. Lakini elimu aliyoipata kwenye redio ile ndiyo iliyomwezesha, akiwa na miaka 11 hivi, kuunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, swichi, balbu za tochi mbovu na kile kisanduku cha indiketa cha pikipiki. Taa zikawa zinawaka na kuzima zenyewe kuzunguka zizi, kana kwamba kuna mtu anayepita na tochi. Simba wakakoma. Majirani wakamwomba awawekee na wao. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama California, Marekani, kwenye kongamano la TED akaueleza ulimwengu. Alisema pia kwamba wengine walikuwa wakizitumia taa hizo kufukuzia fisi, chui na hata ndovu wanaoingia mashambani, jambo ambalo hakulifikiria alipoanza.

Mtasema, "Lakini hiyo si programu." Ni kweli, hakuandika maagizo kwa tarakilishi. Ila kile kisanduku cha indiketa kilikuwa na maagizo mawili ndani yake: washa, zima. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba pikipiki inakata kona. Aliyekipa kazi mpya ni mtoto aliyekuwa na shida anayoijua.

Hata hesabu yangu ya ng'ombe, baadaye niligundua kwamba wakubwa walikwisha kuiwaza. Su Kahumbu, Mkenya mwenye uzoefu wa kilimo, alibuni huduma iitwayo iCow. Wazo hilo lilishinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010, na huduma ikaanza mwaka 2011. Mfugaji alituma tarehe aliyopandishwa ng'ombe wake kwa ujumbe mfupi, naye akapokea vikumbusho kwenye simu ya kawaida, ile isiyo na intaneti. Niliposoma habari hiyo sikuvunjika moyo. Nilifurahi kwamba swali la mama lilikuwa swali zuri.

Mfano mwingine una jina la Kiswahili kitukufu: Ushahidi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikumba nchi yetu, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, pamoja na wengine waliojitolea, walitengeneza kwa siku chache tu programu ya kupokea habari za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Ilikuwa kazi ya dharura kwa ajili ya Kenya. Lakini tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu hiyo hiyo ikatumiwa huko kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada. Neno letu la Kiswahili likavuka bahari likiwa kazini.

Na Python yenyewe? Mholanzi Guido van Rossum aliianza Krismasi ya mwaka 1989, ofisi ikiwa imefungwa, kwa sababu alitaka kitu cha kumshughulisha wakati wa likizo. Wengine Krismasi ni chapati na kulala. Yeye alitoka na lugha inayotumika leo duniani kote, mpaka kwenye meza yetu ya kuchambulia mboga.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, anza na shida unayoijua. Usianze kwa kusema utatengeneza kitu cha kushindana na matajiri wa Marekani. Angalia kinachokusumbua wewe: ngeli, deni la maji, kuku wanaopotea.

Pili, mwonyeshe mtu wa nyumbani kazi yako, hasa asiyejua tarakilishi. Mimi nilikuwa na ujuzi, mama alikuwa na swali. Ujuzi bila swali ulikaa miezi mitano bila kumfaa ng'ombe. Tangu hapo jirani anayeuza maji kwa mitungi ameniomba nimwekee siku za wadeni wake kulipa, na mtunza vitabu wa chama chetu anaitumia kujua kitabu kipi kimepitisha siku. (Wenye vitabu tangu muhula wa kwanza, mmejulikana!) Programu ni ile ile.

Tatu, kagua kwa mkono. Kabla hujaamini jibu la programu, chukua mfano mmoja uhesabu mwenyewe. Kazi inapobadilika, kosa lililokuwa dogo huwa kubwa. Ujumbe huu ni muhimu zaidi siku hizi ambapo tarakilishi zinaweza hata kutuandikia programu zenyewe. Zitaandika, lakini nani atahesabu kwa ncha ya kisu?

Nne, jibu lifike panapohitajika. Mama hafungui kipakatalishi saa tisa usiku. Karatasi kwenye mlango wa zizi ndiyo iliyofanya kazi, hata stima ilipopotea.

Hata hivyo, nisiwadanganye. Si kila mchezo utaleta faida. Nimeandika programu nyingine sita ambazo hazijamfaa mtu, na moja ya kutabiri mvua ambayo nyanya yangu huishinda kwa kutazama vilima vya Ngong tu. Na masomo yasiachwe. Lakini hata zile sita zilinifunza kuandika ile ya saba.

Basi mhariri wetu alikuwa na haki. Programu yangu ilizaliwa katika Chama cha Kiswahili, ikitafuta ngeli ya ukuta, ikaishia kumwokoa ndama. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Anayedharau haba na aje Matasia amwone Hesabu. Naomba nikomee hapo.

ZOEZI

1. Ng'ombe amepandishwa tarehe 10 Juni. Ukihesabu siku 283, atazaa tarehe gani? Jibu litabadilikaje ikiwa Februari iliyo katikati ni ya mwaka mrefu?
2. Taja ngeli ya maneno haya: programu, kipakatalishi, ng'ombe, ukuta. Kisha tunga sentensi moja kwa kila neno.
3. Waulize watu wawili wa nyumbani kwenu ni jambo gani wanalolisahau mara kwa mara likawaletea hasara. Eleza kwa maagizo matano, kwa Kiswahili sanifu, jinsi tarakilishi ingewakumbusha.

(Majibu ya swali la kwanza: tarehe 20 Machi, na tarehe 19 Machi ikiwa Februari ina siku 29. Lakini hesabu mwenyewe kwanza!)